Naomba ushauri: madirisha yamezidi kikomo cha kanuni za nishati

Wakuu, habari za kazi. Nachora ofisi ya ghorofa tatu ya kupozwa kwa upepo, bila kiyoyozi. Michoro imerudishwa: vioo vimevuka asilimia 40 ya ukuta, kikomo kilekile cha ASHRAE 90.1 (kiwango cha Marekani cha nishati ya majengo) kwa njia ya masharti, yaani ya kufuata vikomo vilivyopangwa tayari. Lakini vioo vyote viko kaskazini na kusini, juu yake kuna vivuli vya zege vya sentimita 90. Magharibi ni ukuta mtupu. Kikomo kinahesabu kioo tu, kivuli hakikioni! Nimepunguza madirisha, hewa ikakosa pa kupita.

Nikihamia njia ya utendaji, ya kulinganisha jengo langu kwa kompyuta na jengo rejea (la mfano, linalotimiza kanuni), upepo wa asili unahesabiwaje? Na hesabu hizo msanifu anaruhusiwa kusaini, au lazima mhandisi?