Drive C imejaa, D ina nafasi tele: nitaipanuaje bila kupoteza picha?

MwanaLangoni: Asalaam alaykum wakuu. Nina laptopu ya kitambo, Windows 7, hadidiski ya GB 320 (yenyewe yasoma 298). Aliyeiwekea Windows aliipa C GB 60 tu, na sasa mstari wake ni mwekundu. D ina GB 238, zaidi ya nusu tupu. Nimeipunguza D kwa GB 80 ndani ya Disk Management ya Windows, nafasi nikaiona, lakini nikienda kwa C, "Extend Volume" imefifia, haibofyeki. D ina picha za harusi za wateja. Zikipotea, Lamu hii nitahama.

FundiMokowe: Waalaykum salaam. Nafasi uliyoikata imetoka mkiani mwa D. Windows huipanua C kwa nafasi inayopakana nayo upande wa kulia tu, na hapo kati amekaa D. Ni sawa na kununua kiwanja ambacho nyumba ya jirani iko kati yako nacho.
Njia ni mbili. Ya kwanza: hamisha vyote vya D kwenye diski ya nje, futa D, panua C, kisha unda D upya. Ikiwa D imo ndani ya patisheni (kipande cha diski) ya "Extended", yaani inayobeba nyingine ndani yake, ukiifuta D itabaki nafasi ya rangi ya kijani. Ifute nayo pia, la sivyo C haitapanuka. Ya pili: washa mashine kwa flashi yenye GParted, programu ya kugawa diski, uisogeze D kulia. Huchukua saa nyingi kwa diski kuukuu, na stima ikikatika katikati, data inaweza kuharibika.

BintiShela: Ya pili usijaribu kama betri imekufa. Stima ya huku waijua mwenyewe.

Jahazi77: Hiyo diski ina umri. Kabla ya yote isome kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Ikiandika "Caution", acha habari za patisheni, okoa picha kwanza. Mimi ningenunua SSD tu, diski isiyo na sehemu zinazozunguka.

FundiMokowe: SSD ni pesa, kaka, mwenzio ameuliza nafasi. Ila kuipima diski, hapo umesema kweli.

BintiShela: Huenda hata huhitaji kukata kitu. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg -h off. Faili la kulaza mashine litafutika. Kwenye Windows 7 huwa kama robo tatu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), kwa hiyo RAM ya GB 4 yakurudishia kama GB 3. Halafu folda ya Documents ihamishie D kupitia Properties, kichupo cha Location.

MwanaLangoni: Shukran dada, nimepata GB 3 papo hapo, mashine imepumua. Lakini zitajaa tena. Diski imesoma "Good", na shemeji ameniazima diski ya nje. Nafuata njia ya kwanza. D mpya niipe herufi gani?

FundiMokowe: D ile ile, ili njia za mkato zisipotee. Kama kuna programu iliyowekwa D, irudishe folda yake mahali pale pale; ikikataa kufunguka, iweke upya. Na kabla ya kufuta, fungua picha kadhaa ukiwa kwenye diski ya nje, usiangalie majina tu.

Jahazi77: Za wateja nakili mara mbili. Hiyo ya shemeji nayo ni diski.