Naomba ushauri: kuwalea vijana wa kiume weusi na Walatino wanaosoma udaktari Marekani

MlinziWaZamu:
Wakuu, salaam. Vijana sita wa kiume wameanza mwaka wa kwanza wa udaktari huku Marekani: wanne weusi, mmojawapo mtoto wa wahamiaji wa kutoka Kongo, na wawili Walatino. Madaktari watatu tumekubali kuwa walezi wao. Tukutane nao mara ngapi, tuzungumze nini, na hasa hukwamia wapi? Hotuba za kutia moyo wamezisikia tangu sekondari, hizo tuziache.

Kijiko_cha_Dawa:
Kila mlezi achukue wawili, akutane nao mmoja mmoja, dakika 45 kila wiki mbili mpaka mitihani ya kwanza ipite. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Usimuulize "unaendeleaje", atajibu yuko poa. Muulize jaribio la mwisho kapata ngapi, kwa siku anafanya maswali mangapi, na anasoma na nani.

Hilo la "na nani" lina uzito kuliko linavyoonekana. Madesa mazuri hupita kwenye makundi ya marafiki, na aliye nje ya kundi huyapata wiki moja kabla ya mtihani. Mkutanishe na mwanafunzi wa mwaka wa pili, ana kwa ana. Kumtumia namba ya simu tu hakutoshi, hatapiga.

Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari, tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, bila alama. Watu wakadhani mzigo umepungua, kumbe umehamia Step 2, mtihani unaofuata, ambayo bado ina alama na wanaogawa nafasi za ubingwa wanaiangalia. Na ukifeli Step 1, rekodi haifutiki hata ukirudia ukafaulu. Kwa hiyo asiingie kwa sababu tarehe imefika. Afanye kwanza majaribio mawili ya NBME, bodi inayotunga mitihani hiyo, katika wiki tofauti, yote yavuke mstari wa kufaulu kwa nafasi, si kwa kuchungulia.

Alama zake zikiwa haziongezeki, mara nyingi utakuta anarudia video. Mpe maswali 40 kwa saa moja, maana kasi ya mtihani wenyewe ndiyo hiyo. Kisha saa mbili za kupitia makosa, kila kosa liandikiwe sababu: hakujua, alisoma vibaya, alibadilisha jibu, au muda uliisha. Dawa ya kila moja ni tofauti.

BintiMrima:
Hayo ya mitihani sawa, lakini wengi huumia wodini, mwaka wa tatu. Kule daraja hutegemea sana sentensi za anayekusimamia. Kijana mweusi akinyamaza ataandikwa "hajiamini". Akiuliza sana, "mbishi". Sentensi hizo huweza kuingia kwenye barua ya chuo, MSPE, inayosomwa na kila anayemfikiria kwa ubingwa.

Katika rotesheni, yaani zamu ya mafunzo wodini, ya wiki nne, mwisho wa wiki ya pili amuulize msimamizi: "Nibadilishe nini nipate daraja la juu?" Jioni hiyohiyo amtumie barua pepe fupi ya kile alichoambiwa. Tathmini ya katikati si hisani, chuo kinatakiwa kuitoa ili kibaki na ithibati. Bila maandishi, lawama mpya huzaliwa siku ya mwisho.

Akidhaniwa mfagizi au mlinzi mbele ya mgonjwa, tafadhali msimwambie "zoea". Aandike tarehe, mahali, maneno na waliosikia. Kuripoti kabla au baada ya daraja kutoka, achague mwenyewe.

MzeeWaKoti:
Mimi nasema mlezi awe mweusi kama yeye, la sivyo hataelewa.

BintiMrima:
Mzee wangu, watatoka wapi? Kwa hesabu za AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari Marekani, mwaka 1978 wanaume weusi walioingia vyuo hivyo walikuwa 542; mwaka 2014 walikuwa 515. Ukisema weusi tu, maprofesa wachache waliopo watabebeshwa kila kamati na kila kijana, na utafiti wao utalala. Wa kumwelewa atawapata SNMA, chama cha wanafunzi weusi wa udaktari kilichopo tangu 1964. Wa kumtetea ndani ya kamati ya ubingwa awe yeyote mwenye kiti pale. Ila asiwe daktari anayemtibu: anayemtibu mwanafunzi haruhusiwi kumpa alama.

Kijiko_cha_Dawa:
Na pesa. Kwa wakopaji wapya, kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali kuu kwa udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kaeni na bajeti mapema, na muulizeni waziwazi anatuma ngapi nyumbani kila mwezi. Huyo wa Kongo hatasema mwenyewe.

MlinziWaZamu:
Nashukuru sana. Na yule anayesema yuko poa hata ukiuliza alama?

Kijiko_cha_Dawa:
Afungue kompyuta mfanye maswali kumi pamoja. Usimsahihishe mpaka amalize.