Vifaa vya useremala kutoka Dar es Salaam hadi Houston: nibebe nini, niache nini?

Seremala_Keko aliuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni fundi seremala na nimefanya kazi Keko, Dar es Salaam, kwa miaka 17. Jina langu lilitoka katika bahati nasibu ya viza ya Marekani, usaili umepita salama, na sasa mimi na mke wangu tunajiandaa kuhamia Houston, Texas, ambako shemeji yangu anaishi.

Kinachonisumbua ni vifaa vyangu. Nina sanduku la patasi 14, randa nne ambazo mbili kati yake ni za mbao na niliachiwa na mzee aliyenifundisha kazi, misumeno ya mkono, keekee, tupa na jiriwa moja nzito sana. Upande wa umeme nina msumeno wa meza, randa ya umeme, grainda, na drili mbili za betri. Wapo wanaoniambia niuze kila kitu nikaanze upya huko, na wapo wanaosema nichangie kontena na wenzangu nipeleke vyote. Patasi zile zimeshika mkono wangu, na sioni nitazipata wapi nyingine za namna hiyo. Naomba ushauri wa aliyewahi kufanya jambo hili: forodha ya Marekani inavitazamaje vifaa vya kazi, na vipi vinastahili kusafirishwa?

Fundi_Texas alijibu:

Hongera sana, kaka. Nilitoka Tanga nikiwa seremala kama wewe, na leo natengeneza makabati ya jikoni hapa hapa Houston, kwa hiyo nakueleza niliyoyapitia mwenyewe.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha. Nyumbani tunatumia volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali huku soketi za kawaida ni volti 120 na mizunguko 60. Utaambiwa ununue transfoma, lakini transfoma hubadilisha volti tu na haigusi mizunguko, hivyo baadhi ya mota zilizoundwa kwa mizunguko 50 zitazunguka kwa kasi kubwa kuliko ilivyokusudiwa, na kwenye msumeno wa meza hilo si jambo la kulichukulia kirahisi. Isitoshe, waajiri na wakaguzi wa usalama kazini hutazama alama ya maabara inayotambulika huku, kama vile UL, na mashine isiyo nayo inaweza kukataliwa usiitumie kabisa. Hata grainda ina shida yake: ekseli ya kwetu kwa kawaida ina nati ya milimita 14, ya huku hupimwa kwa inchi, kwa hiyo vifaa vingi vya kufunga kwa nati vinavyouzwa madukani havitaingia. Mashine zote za waya ziuze au mwachie ndugu anayefanya kazi.

Drili za betri ni habari nyingine. Kama ni za kampuni kubwa, betri zake mara nyingi huingia kwenye mashine za huku. DeWalt ya volti 18, kwa mfano, huku huandikwa 20V Max, ingawa ni betri ya aina ile ile. Chaja ndiyo uiache, ununue ya volti 120.

Vifaa vya mkono vilete, na nasema hivyo bila kusita. Patasi iliyonolewa miaka 17 na mtu mmoja ina pembe ambayo mkono wako unaijua hata gizani. Mimi nilikuja na zangu, lakini nilifanya kosa moja ambalo linaniuma hadi leo. Nilizifunga kwa magazeti nikaziweka katika kontena la kuchangia, na kontena lile likachelewa bandarini kwa wiki kadhaa. Nilipofungua sanduku, gazeti lilikuwa limegandana na chuma, na nilipolibandua herufi zake zilibaki zimechorwa kwa kutu juu ya bapa la patasi ya inchi moja. Usiku ndani ya kontena hewa hupoa, unyevu hujikusanya darini na kudondoka kama mvua, na karatasi ya gazeti huufyonza unyevu huo na kuushikilia kwenye chuma. Nyingine nilizisafisha kwa msasa, ila mbili kutu ilikuwa imechimba hadi kwenye makali.

Wakala_Kurasini alijibu:

Ndugu Seremala, mimi hushughulikia mizigo ya wanaohama, basi nitajibu la forodha. Sheria ya Marekani inamruhusu anayehamia huko kuingiza vifaa vya ufundi wake bila kulipa ushuru, mradi viwe mali yake na awe amevitumia kabla ya kuhama. Neno "amevitumia" ndilo la kuzingatia. Ukinunua seti mpya ya patasi wiki moja kabla ya safari, hiyo haimo katika msamaha, na mashine za kuendeshea kiwanda nazo hazimo. Vifaa unavyosafiri navyo utavitamka uwanjani unapofika. Vinavyofuata nyuma kwa meli vinajaziwa Fomu 3299. Andika orodha kamili, kifaa kimoja kimoja, pamoja na hali yake na thamani ya kweli. Usiandike "sanduku la vifaa mbalimbali," kwa sababu maneno ya jumla namna hiyo humwalika ofisa afungue kila kitu.

Kwa mzigo wa meli kuna pia taarifa ya usalama ambayo lazima iwafikie forodha ya Marekani saa 24 kabla haujapakiwa melini. Muulize wakala wako waziwazi ni nani ataiwasilisha, maana faini yake inaweza kufika dola 5,000.

Jambo la mwisho linawahusu maseremala kuliko watu wengine wote. Najua utataka kuunda kasha la kusafirishia kwa mikono yako. Usitumie mbao ghafi. Mbao za kufungashia zinatakiwa ziwe zimepashwa joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha zigongwe mhuri wenye herufi HT na alama ya nchi, ili wadudu wasisafiri ndani yake. Kasha lisilo na mhuri hurudishwa kwa gharama yako. Plaiwudi haibanwi na sharti hilo kwa kuwa imetengenezwa kwa joto na gundi, lakini ukiiimarisha kwa vipande vya mbao pembeni, vipande hivyo vinahitaji mhuri.

Dada_Mizigo alijibu:

Nafanya kazi uwanja wa ndege. Betri za akiba za drili haziruhusiwi kabisa katika begi la chini. Zinaingia kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe. Zidisha volti kwa saa za ampea: betri ya volti 18 na saa 5 za ampea ni wati-saa 90, na kikomo cha kupita bila kibali cha shirika ni 100. Patasi na misumeno ziwe chini, makali yakiwa yamefunikwa ili anayekagua asikatwe vidole.

Seremala_Keko aliandika:

Nawashukuruni nyote kwa moyo wangu wote. Nimepima leo: patasi, randa, keekee na tupa zote ni kilo 19, kwa hiyo zitaingia katika begi moja la kilo 23 nami nitasafiri nazo, bila kontena. Jiriwa na mashine za waya nitamwachia mdogo wangu. Yamebaki maswali mawili. Mipini ya patasi sita ni ya mpingo, je, kuna kizuizi? Na nipake mafuta gani? Mke wangu anapendekeza mafuta ya kupikia.

Wakala_Kurasini alijibu:

Mpingo umo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini bidhaa zilizokamilika zenye uzito wa mbao hiyo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazihitaji kibali cha mkataba huo. Mipini sita haifiki hata kilo moja. Iandike tu katika orodha. Usibebe magogo wala vipande ghafi.

Fundi_Texas alijibu:

Mwambie shemeji mafuta ya kupikia abaki nayo jikoni, kwa sababu yakikaa hugeuka ulimbo na utayakwangua kwa shida. Tumia oili ya cherehani, paka nyembamba kwa kitambaa, kisha zungushia kila patasi nailoni, si gazeti. Zile randa mbili za mzee toa visu vyake uvifunge peke yake, na kabari zake uzitie alama ya penseli, kwa sababu kila kabari imechongwa kwa randa yake.