Mrejesho: kusawazisha kipima masafa kwa mawimbi ya televisheni, Moshi

Ndugu zangu, ahsanteni. Niliuliza iwapo mawimbi ya televisheni ya kidijitali yangeweza kurekebisha kipima masafa (kifaa kinachohesabu mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, yaani hezi) cha karakana yangu hapa Moshi, kwa kuwa njia ya zamani ya kufuata masafa ya rangi ya PAL (mfumo wa televisheni ya rangi ya analojia), megahezi 4.43361875, ilikufa analojia ilipozimwa.

Nilikipa kipokezi cha mawimbi hayo saa (mapigo ya rejea) ya megahezi 10 kutoka kwenye kipima hicho, nikasikiliza chaneli yenye kitovu cha megahezi 474. Baada ya nusu saa ya kupata joto, mawimbi yalionekana juu kwa hezi 2,370, yaani sehemu 5 kwa milioni. Kumbe saa yangu ilikuwa chini kwa hezi 50. Niliizungusha skrubu ya kurekebishia saa hiyo taratibu kwa bisibisi ya plastiki, maana ya chuma huyumbisha masafa, hadi tofauti ikatoweka.

Mzee mmoja alinionya, na ninamshukuru sana, kwamba mtambo wa kurushia huaminika pale tu unapofuata rejea sahihi ya masafa kama ile ya satelaiti za GPS, jambo ambalo ni lazima kwa mitambo inayorusha pamoja kwenye masafa mamoja. Kwa hiyo nililinganisha na GPS kwa siku 3 kabla ya kuridhika.