Kikundi cha ukoo, Marangu: kipaimara cha Jumamosi

*Alhamisi*

Mama Neema 19:04: Wapendwa, mchango wa turubai umetimia, asanteni. Sasa lile la Baba Mkubwa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Nimenyamaza tangu Krismasi ile, leo nasema.

Mama Neema 19:07: Anameza metformini na glibenklamaidi. Nimeongea na nesi wa kliniki ya kisukari. Hiyo ya pili inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Pombe nayo inalizuia ini kutengeneza sukari mpya. Vikikutana sukari inashuka, na si pale pale mezani. Inaweza kuwa saa nane usiku, watu wamelala.

Mama Neema 19:31: Mpo?

Deo 19:40: Tupo dada. Ndizi inapandisha, pombe inashusha, ngoma droo 😂

Frida 19:41: 😂😂

Mama Neema 19:43: Deo usicheke. Utamu wa ndizi unaisha mapema, kazi ya pombe inaendelea mpaka kesho yake. Krismasi ile ni wewe uliyesema "mwacheni, kalewa". Shati limelowa kama katoka mtoni, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Mashine ya kupima sukari ikasoma 2.3. Chini ya 4 tayari ni hatari. Na alikuwa amekunywa kata mbili tu, mtori hajaugusa.

Deo 19:50: Hilo tulishalimaliza kwa Bibi.

Mama Neema 19:50: Ulilimaliza wewe.

Baba Kelvin 20:12: Kwani siku hiyo asimeze dawa si yanaisha?

Mama Neema 20:14: Hapana shemeji! Dawa hairukwi ili mtu anywe. La dawa aulizwe daktari wake. Ninachoomba ale kwanza, ashibe, ndipo aguse kata, tena moja. Pombe kali asimiminiwe kabisa. Kabla ya kulala apimwe. Akitoka jasho au akaanza kuropoka msiseme kalewa, mpimeni. Ikiwa chini, sukari vijiko vitatu vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia msimtie kitu mdomoni, gari, hospitali.

Frida 20:31: Samahani nilikuwa kwenye daladala. Turubai ni la watu wangapi?

Baba Mkubwa 21:10: Nimo humu. Nasoma.

Mama Neema 21:12: Shikamoo Baba Mkubwa. Utusamehe, ni kwa kukupenda.

Baba Mkubwa 21:19: Marahaba. Kata ya kwanza naipokea mimi tangu baba alipotutoka. Mnataka nikae na kikombe cha chai mbele ya wakwe?

Neema 21:47: Bibi kaniambia niandike hivi hivi: "Aipokee, aonje, ampe mdogo wake. Alfajiri ile nilimnywesha sukari kwa kijiko kama mtoto mchanga, mimi na miaka yangu hii. Sitaki kumzika mwanangu."

Baba Mkubwa 22:20: Nimesikia, mama.

*Ijumaa*

Mama Neema 05:58: Nani atalala chumba kimoja naye kesho? Na vijiti vya mashine vimebaki viwili. Deo, wewe uko Moshi mjini, pitia duka la dawa.

Deo 08:26: Nitaona dada. Mshahara bado.

Mama Neema 08:27: Natuma hela sasa hivi. Chumba nani?

Frida 09:15: Turubai jamani?

Mama Neema 09:16: 150. Chumba nani?