MREJESHO: Nadharia za fonolojia, nilianza na Kimvita

Salaam wakuu. Niliomba msaada hapa: mwaka wa pili, isimu, nadharia za fonolojia (mifumo ya sauti za lugha) zimenikaba, nianze na kanuni za kubadilisha sauti za Chomsky na Halle (1968) au niruke hadi masharti yanayoshindana ya Prince na Smolensky (1993)? Wengi mlisema nianze na data ya lugha yangu, yaani Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Shukran, imesaidia sana.

Nilimkalisha nyanya yangu hapa Mji wa Kale, nikamshikisha karatasi nyembamba mbele ya midomo, atamke maneno mawili. Kaa la moto: karatasi kimya. Kaa wa baharini: ikaruka. Alicheka akauliza ndiyo masomo tunayolipia karo!

Mpumuo huo, yaani pumzi inayofuata k na kurusha karatasi, ndio ulionifungua. Chukua wingi wa majina ya u-: ubavu, mbavu; ulimi, ndimi. Nazali (sauti ya puani, m au n) inaonekana. Sasa ukuta, kuta, upepo, pepo. Nazali iko wapi? Mbele ya kipasuo sighuna (kama k na p) imedondoka, na kwa Kimvita imeacha mpumuo nyuma yake. Kwa hiyo umbo la ndani, kabla kanuni haijaligusa, ni n+kuta, halafu kanuni inafanya kazi. Nilipoona hivyo, ile mishale na mabano ya kuandikia kanuni za 1968 ikaacha kunitisha.

Aliyenishauri nikariri sifa bainifu (zinazotofautisha sauti, kama ghuna na sighuna) zote kwanza, samahani, sikuweza. Nilijifunza nilizozihitaji tu.

Bado nimekwama kwenye masharti yanayoshindana ya 1993. Sharti lipi lipande juu ili nazali idondoke kwenye kuta lakini ibaki kwenye mbavu? Mwenye jedwali la kupanga masharti hayo alilolifanyia kazi mwenyewe anirushie.