Tupeane uzoefu: tumbo la hedhi, dawa gani inakushika na ipi ni kupoteza hela?

Mwalimu wa Katubuka
Habari za mchana wapendwa. Leo kipindi cha tatu, hesabu, darasa la saba. Kuna binti anakaa dawati la nyuma pale dirishani, mkono wake hauchoki kunyooka. Leo kalaza kichwa kwenye daftari. Nikajua kasinzia, nikamfuata na chaki yangu mkononi nimkemee. Kufika, nakuta kang'ata kona ya sweta, jasho linamchuruzika, na chini ya dawati mguu mmoja anausugulia mwenzake, anasugua tu. Sikumuuliza kitu. Mguu ule naujua. Nimeusugua hivyohivyo miaka yote ya bweni, na matroni wetu alikuwa na tiba moja: "Kunywa maji mengi."

Nikamfunga khanga, nikamlaza kwenye mkeka ofisini, nikampigia mama yake. Kwenye droo nina Panadol tu, mama akasema mpe. Nusu saa, kimya. Saa nzima, kimya. Anatazama dari tu, hata kulia halii.

Nikakaa pale nikawaza: mimi huyu, miaka 34, mpaka leo nabahatisha. Panadol nimemeza, ibuprofeni nimemeza, diklofenaki, Buscopan, sindano za makalio mpaka nesi ananijua kwa jina. Nyie wenzangu wa Kigoma na Tabora mnatumia nini? Waliokuja kucheka wapite pembeni.

Mama Pacha Isevya
Panadol kwa chango ni kumchapa tembo kwa ubua. Mi ni diklofenaki ya 50 asubuhi na jioni, nikishashiba. Siku ya pili nafua mpaka mashuka.

Dada wa Gungu
Nakazia hapo kwa Mama Pacha.

Mgebuka Mkavu
Ibuprofeni ya 400. Hao wengine wote wapambe tu, bibi harusi ni huyo. Ila usingoje tumbo likukamate. Mi nikianza kusikia kiuno kizito na matiti yanauma, najua ni kesho, nakunywa chai na maandazi nameza ya kwanza. Nikichelewa mpaka nimeshajikunja, hata nimeze tatu ni sawa na kutafuna chokaa.

Mzee wa Mwandiga
Mimi ni mwanaume ila niseme ukweli. Wanawake wa siku hizi mmezidi kudeka. Bibi zetu hawakuwa na hizo ibuprofeni, walilima, walitwanga, na watoto kumi na wawili juu.

Mjukuu wa Ujiji
Babu wa Mwandiga, usitusemee bibi zetu. Bibi yangu alikuwa anajifungia chumba cha uani siku mbili kila mwezi, sisi wajukuu tunaambiwa ana malaria. Malaria gani ina tarehe? Nimekuja kuelewa nikiwa na miaka 13, siku yalipoanza ya kwangu. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniwekea chupa ya maji ya moto tumboni akaifunga na kitenge, akasema, "Na wewe umerithi." Alikuwa analia yule mama. Uliza bibi yako kama yupo.

Mzee wa Mwandiga
Nimetoa maoni tu, povu la nini sasa?

Mama Pacha Isevya
Povu tunalitoa bure, wewe nawia.

Binti wa Reli
Sikutaka kuandika ila hii mada imenifukua. Desemba 2012, natoka chuo Tabora narudi nyumbani Kigoma kwa treni, daraja la tatu. Mwanafunzi, hela ya nauli tu, sijala tangu asubuhi ya jana yake. Siku zangu zikaanza hapohapo stesheni. Nina diklofenaki mbili kwenye mkoba, nikameza zote na maji, tumbo tupu.

Tumefika Urambo, bado. Kaliua pale treni inakaa, nikashuka nikachuchumaa karibu na mama mmoja anauza chai. Akaniona tu. Hakuuliza. Akanijazia maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, ikajikunja kidogo kwa joto, akaiviringisha na gazeti. Hela akakataa. Nikapanda nayo nimeikumbatia kama mtoto.

Sasa ndani, abiria wa mbele yangu, mama mtu mzima, akasema mwanangu unaumwa, akafungua kifundo cha khanga akanipa vidonge viwili vimefungwa kwenye kikaratasi. Vya nini? "Vya maumivu, vikali." Nikameza. Mpaka leo sijui vilikuwa nini. Baada ya Usinge maumivu ya chini yakaanza kupoa, nikashukuru Mungu, ila hapa juu ya kitovu pakaanza kuwaka. Moto kabisa. Mate yanajaa mdomoni. Nikajua natapika, dirisha limekwama, njia imejaa mizigo na watu wamelala sakafuni.

Jirani yangu alikuwa kijana ana ndoo ya maembe ya Tabora, yale madogo, kaipakata toka tunaanza safari, anawapelekea ndugu zake. Jamani. Yule kijana aliinua ndoo akamwaga maembe yote chini, akanipa ndoo. Nikatapika mle. Kwa mwanga wa tochi ya simu kitu kilichotoka kilikuwa cheusi cheusi, kama machicha ya kahawa. Mama wa vidonge akaanza kusali kwa sauti. Na kila treni ikifunga breki, maembe yanakimbia mpaka mbele ya behewa, ikiondoka yanarudi. Mpaka Uvinza nayasikia yanabiringika, watu wanayaokota wanauliza ya nani.

Yule kijana alinifunika shuka lake, akashika ndoo mpaka asubuhi. Kigoma nikatolewa nimebebwa. Daktari akaniambia ukuta wa tumbo umepata vidonda, damu ilikuwa inavujia humo, huenda nimemeza dawa mbili za jamii moja juu ya njaa. Nililazwa siku tano. Toka hapo mimi na diklofenaki hatusalimiani.

Dada wa Gungu
Mungu wangu. Nimesoma nimeshika tumbo.

Mgebuka Mkavu
Pole sana dada. Sasa yule kijana?

Kijana wa Cheyo
Hata mimi nimekwama hapo kwenye kijana. Mtu anamwaga maembe ya Tabora kwa ajili yako halafu unatuambia habari za daktari?

Mama Pacha Isevya
Alikuwa na mke? Shuka ulilirudisha? Binti wa Reli njoo umalizie, usitufanyie hivyo.

Mwalimu wa Katubuka
Wapendwa turudi kwenye dawa tafadhali 😂

Muuza Dawa Kasulu
Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka tisa, acha niseme kidogo. Wakati wa hedhi mfuko wa uzazi unatengeneza kemikali zinaitwa prostaglandini, ndizo zinabana misuli yake mpaka unajikunja. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na asidi ya mefenamiki (vile vya 500 mara tatu kwa siku) zote ni jamii moja, kazi yake ni kuzuia zisitengenezwe. Ndiyo maana Mgebuka anasema wahi. Zikishajaa, unafukuza mwizi aliyekwishapanda basi. Panadol yenyewe haina nguvu hiyo kwenye prostaglandini, kwa maumivu mepesi inatosha, kwa anayeng'ata sweta haitoshi.

Chagua MOJA katika jamii hiyo. Ukimeza ibuprofeni halafu diklofenaki umemeza kitu kilekile mara mbili, na huenda yaliyompata Binti wa Reli ndiyo hayo. Ibuprofeni ya 400 isizidi mara tatu kwa siku kama hujaandikiwa na daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, mjamzito, na mwenye pumu inayoamka kwa aspirini, usijinunulie. Panadol unaweza kuipandisha juu ya ibuprofeni, hizo hazigombani, ila soma boksi: kuna vidonge vina diklofenaki na parasetamoli humohumo. Watu wanameza hivyo kisha wanaongeza Panadol mbili mbili kutwa, ini linalia.

Kijana wa Cheyo
Na tramado je? Dada yangu aliletewa na mtu, anasema anasahau hata jina lake.

Muuza Dawa Kasulu
Ndiyo ubaya wake huo, kusahau jina. Ile haiuzwi bila cheti cha daktari, inatapisha, inafunga choo, na mwili unaizoea ukaanza kuidai hata siku zisizo za hedhi. Mwambie dada aache kuletewa na "mtu".

Asali Mbichi Sikonge
Mimi dawa za dukani siziamini, zinaziba kizazi. Tangawizi mbichi, mdalasini, asali kijiko, unachemsha unakunywa ya moto siku tatu kabla. Mwaka wa nne sasa.

Mgebuka Mkavu
Nimekunywa hiyo tangawizi mpaka nikawa natoa harufu ya chai ya msibani. Tumbo palepale.

Muuza Dawa Kasulu
Tangawizi wengine inawapunguzia, sibishi, na chupa ya moto ya yule mama wa Kaliua ni tiba kabisa. Ila kuziba kizazi hapana. Kama unatafuta mtoto mwambie daktari tu, kwa sababu jamii hii ikimezwa mfululizo siku za katikati ya mwezi inaweza kuchelewesha yai. Ukiacha, linarudi.

Shemeji wa Nguruka
Mnahangaika bure. Zaa, inaisha. Mke wangu ilimuisha.

Mama Pacha Isevya
Shemeji, mi jina langu tu linakwambia. Mapacha, na mwingine nyuma yao. Diklofenaki iko palepale juu ya kabati.

Shemeji wa Nguruka
Labda wewe ni kesi maalumu.

Mchele wa Igunga
Kesi maalumu ni mimi hapa. Nilianza kuumwa form one, nikapewa jina la ugonjwa nina miaka 27. Mimi haikuwa siku ya kwanza na ya pili. Ilianza wiki nzima kabla, ikashika kiuno ikashuka mpaka pajani, kwenda haja kubwa siku zile ni kama napasuliwa na wembe, na kwenye ndoa yangu nilikuwa natafuta visingizio kila usiku. Mume akadhani nina mtu. Nimepimwa utrasaundi mara nne, kila mara "safi, huna kitu". Dawa za UTI nimekunywa mpaka nikawa namtajia daktari zamu ya ipi. Kwenye maombi nimewekewa mikono. Kwa mganga nimechanjwa, alama ninazo.

Mwisho daktari mmoja kijana aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Yanakuja na hedhi?" Akanielekeza Mwanza hospitali ya rufaa, wakaingiza kamera kwa tundu dogo karibu na kitovu. Endometriosisi. Nyama inayofanana na ile inayojengeka ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje, kwenye ovari, nyuma ya mfuko, hata utumbo umenatana. Karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa anao. Na utrasaundi inaweza kukosa kuuona kabisa, hilo ndilo nililikosa miaka yote.

Siku niliyoambiwa nililia kwenye korido, si kwa huzuni. Nilikuwa na jina.

Kwa dawa: ibuprofeni kwangu inapunguza ukali, haiondoi. Kilichonishika ni vidonge vya homoni vya kila siku, vya projesteroni peke yake. Miezi mitatu ya kwanza matone kila siku, nilitaka kuvitupa. Sasa hedhi haiji. Haunitoki mwilini, nikiacha maumivu yanarudi, ila nalala usiku.

Asali Mbichi Sikonge
Sasa damu isipotoka inakwenda wapi? Si inaganda ndani?

Mchele wa Igunga
Haijengeki, dada. Homoni inazuia ule ukuta usinenepe, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Niliuliza swali hilohilo, tena kwa kufoka.

Dada wa Gungu
Mi nina sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, tumbo limetulia kabisa. Nilidhani ni bahati.

Mgebuka Mkavu
Mi sindano hiyohiyo ilinitoa damu siku 40. Nikahamia vijiti, nikarudi ibuprofeni. Miili ni nyumba za watu wengine.

Mjukuu wa Ujiji
Mchele nimekusoma mara tatu. Ya haja kubwa ninayo. Nilijua ni choo kigumu. Nakuja inbox.

Mwalimu wa Katubuka
Mama wa binti alifika saa nane na bodaboda. Kasimama mlangoni ofisini, kamuangalia mwanawe pale kwenye mkeka, akasema polepole, "Na wewe?" Halafu akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, na gauni lake la sokoni. Kumbe naye. Nimemsomea Muuza Dawa na Mchele, neno kwa neno. Muuza Dawa, mtoto ana miaka 13, mwembamba, naye apewe 400?

Muuza Dawa Kasulu
Usikadirie kwa macho mwalimu. Dozi ya mtoto inaendana na uzito, apelekwe apimwe aandikiwe. Na waanze kuandika tarehe kwenye daftari: siku inaanza, inauma wapi, kameza nini. Daktari akipewa daftari la miezi mitatu hasemi "kunywa maji".

Mwalimu wa Katubuka
Daftari nimempa. La hesabu, kurasa za nyuma.

Mzee wa Mwandiga
Nimempigia bibi. Yupo, ana miaka 80 na kitu. Nimemuuliza. Amenyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza nani kakutuma. Samahanini kina mama.

Mjukuu wa Ujiji
Msalimie sana.

Kijana wa Cheyo
Binti wa Reli upo? Tunasubiri tangu mchana.

Binti wa Reli
Nyie watu! Alikuja wodini siku ya pili kuniangalia na embe moja, lililobaki. Shuka nililifua nikamrudishia. Ndoo alikataa kuichukua.

Mama Pacha Isevya
Na yuko wapi sasa hivi?

Binti wa Reli
Kaenda kuchota maji. Kwa ndoo hiyohiyo.